Ndago ya Kheiria

Mwaka wa sabini, Maskati, wakweze watarajiwa walikuwa wameshaketi ukumbini, naye Kheiria bado ameinamia kioo cha kukuzia. Alikuwa akitazama ndago kavu, aliyoichuma kwenye mbuga chepechepe za Ulaya alikosomea mimea. Mwalimu wake alishikilia kuwa ni ile ya kawaida.

"Wacha majani hayo, mwanangu. Wageni wanangoja," mama yake alinong'ona.

"Si majani, mama. Shina lina pembe tatu."

Ndipo akaziona ncha za mbegu: zimepinda, si kama za ndago ya kawaida. Mwalimu alikosea!

Akaipeleka ndago ukumbini, kioo mkononi, akaiweka mbele ya mama wa mchumba.

"Hii ndiyo kazi yangu, na siiwachi. Anayenitaka, anitake nayo."

Bibi yule akanyoosha mkono.

"Nipe hicho kioo."