Upawa Kwenye Msafara

Kabla ya msafara wa kumbukumbu kuanza, mezani palikuwa na kadi, kila moja na jina la kiongozi aliyepigania haki za watu wa mji ule. Unachukua kadi, unatembea kwa heshima yake. Mwanaidi alizipekua zote. Jina la mama yake halikuwamo.

"Hii ni orodha ya viongozi, dada," alisema Chande, mwandalizi. "Mama yako alikuwa mpishi tu."

"Kwani hao viongozi wako waliandamana siku tatu kwa kula upepo?"

Watu wakaangua kicheko. Mwanaidi akachomoa kapuni upawa wa marehemu mama yake, kifuu cheusi kwa moshi, akaunyanyua juu na kushika mkia wa msafara.

Sokoni, mzee aliyekuwa akinyolewa aliinuka na povu shavuni.

"Upawa wa Bi Kidawa huo! Ndio ulionipakulia uji siku zile za maandamano!"

Akaingia nyuma yake. Wakafuata wauza ndizi, kisha majirani wawili walionuniana tangu Idi.

Kule mbele, Chande aligeuka na bendera yake. Mkia ulikuwa mrefu kuliko msafara wenyewe, na upawa ulipanda na kushuka juu ya vichwa. Akaanza kurudi nyuma taratibu kuufuata, akipapasa kalamu na kadi tupu mfukoni.