Sufuria ya Mama Mkwe

Siku hizi kila mzee huihifadhi sauti yake kwenye chombo cha nyumbani, kwa gundi inayokunywa maneno. Mama mkwe wangu, Bi Mgeni, alichagua sufuria yake ya uji. Aliipaka gundi hiyo kwa miaka kumi, tabaka juu ya tabaka. Mimi niliolewa mwaka wa sita wa kupaka huko. Alipofariki, sufuria ikawa kila ikipata moto inaitikia salamu zetu na kutuita wanangu.

Lakini nimelelewa nikiambiwa kwamba sufuria isiyong'aa ni aibu ya mwanamke. Juzi nilijisahau, nikaisugua kwa jivu na kumbi la nazi mpaka hata motoni haikuitika tena.

Mume wangu, Shaweji, hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Tukaipeleka kwa fundi wa gundi hizo.

"Alumini nayo ina kutu yake, nyembamba, haionekani," fundi alisema. "Gundi ya mwanzo imejifunga kwenye kutu hiyo, haing'oki. Uliyoiondoa ni ya juu, iliyoshikilia gundi ya chini yake tu."

"Yaani imeondoka miaka ya mwisho," Shaweji alisema taratibu. "Ya ugonjwa na maumivu."

Fundi aliifuta jivu lililoiziba gundi iliyobaki, akaigusisha moto. Sauti ikatoka nzima, yenye kicheko ambacho sikuwahi kukisikia, ikimwita Shaweji kwa jina lake la utotoni. Shaweji akacheka huku akifuta machozi. Nami nikashusha pumzi, nikainamia sufuria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," ikaitikia kwa upole. "Shaweji, mgeni wako huyu ni nani?"