Waliotupa Chai Mtoni

Enzi za kutawaliwa na Simba kutoka ng'ambo, chai ilitozwa kodi hadi wanyama wakakataa. Magunia ya Simba yakatupwa mtoni. Simba alipokuja kuondoka, wanyama wakaanza kukutana ukingoni kila mwaka, kusifiana na kunywa chai.

Mwaka mmoja Nyani alishika kipaza sauti. "Babu yangu alitupa magunia kumi!"

"Wangu ishirini," akadakia Ngiri, "tena kwa meno!"

Fisi akasema wazo lenyewe lilikuwa la babu yake. Wakapigiana makofi, kisha wakamwomba Kiboko atoe ushahidi, kwa kuwa yeye tu ndiye aliyekuwapo siku ile na bado yu hai.

Kiboko akatoa kichwa majini. "Babu zenu nawakumbuka vizuri sana. Walikuwa kule chini, maji yanakoelekea, kila mmoja na kikombe chake. Wako, Nyani, alikuja hata na sukari."

"Sasa magunia alitupa nani?" Fisi akafoka.

"Nungunungu, peke yake. Simba alimfunga, akafia jela. Mjukuu wake si huyo mnayemwoshesha vikombe?"

Wote wakageuka. Mama Nungunungu alikuwa ameinamia karai, povu hadi viwikoni.

Mwaka uliofuata sherehe ilihamishiwa mlimani, ambako Kiboko hawezi kupanda. Mama Nungunungu walimchukua, maana mashujaa lazima wanywe chai, na vikombe havijioshi.