Vidole Katika Tofali

Fundi alikuwa ameshainua mwiko wenye chokaa aliposhikwa mkono na Bi Odessa, mfagiaji wa jumba hili la kale katika mji wa Savannah, Marekani.

"Bi Odessa, chokaa inakauka. Au nikupake wewe?"

"Nipake, labda nitapata mume. Lakini ukuta huu usiuguse." Akanigeukia mimi. "Mwanangu, njoo uone."

Nilisogea. Plasta ya zamani ilikuwa imebanduka, na kwenye tofali moja palikuwa na vishimo vinne vilivyopangana. Bi Odessa alijaribu kutia vidole vyake. Kidole chake cha mwisho tu ndicho kilichoenea.

"Waliogeuza matofali mabichi juani walikuwa watoto," alisema taratibu. "Watoto wa watumwa. Bibi yangu alisimuliwa na bibi yake."

Fundi aliushusha mwiko, akavua kofia.

Mkononi nilikuwa na maandishi ya kibao cha kumbukumbu cha mlangoni, ambayo mchongaji alikuwa akiyasubiri kabla ya saa sita mchana. Nilikuwa nimeorodhesha wamiliki sita, kuanzia yule "aliyeijenga nyumba hii mwaka 1838."

Nilitia kidole changu kidogo ndani ya kishimo. Kishimo kilikuwa laini kama ndani ya kikombe.

"Fundi," nikasema huku nikiyakunjua maandishi yangu, "niazime penseli yako."