Honi Chini ya Kiti

“Honi isilie mtu akikaa,” Tadea alirudia kwa upole. “Ilie akiondoka.”

Fundi Pankras alitoa kichwa chini ya trekta dogo, plaizi mkononi, vumbi jekundu limemjaa kwenye nyusi. Alikuwa amekuja na bodaboda kutoka Mbinga mjini. Tangu asubuhi alishafunga taa mbili za mbele, moja ya nyuma na kisanduku cha fyuzi. Kazi ilikwenda vizuri mpaka walipofika kwenye kiti.

“Mama, mwizi anakuja, anakaa, anawasha, huyo! Sasa honi ikimngoja ashuke, atashukia wapi? Songea?”

Majirani waliokaa barazani wakacheka.

“Ilie akishuka,” Tadea alisema. “Na injini izime hapo hapo.”

Wiki mbili nyuma, trekta la Hyasinti wa ng’ambo ya mto lilichukuliwa shambani mchana kweupe, na tangu hapo kijiji kizima cha Ruanda kilikuwa hakizungumzi kingine. Tadea na mumewe Vitalis walikuwa wamelipata la kwao kwa kuuza mtumbwi, nyavu na nyumba ya Lipingo, kule ziwani.

“Nimebaki na hapo tu, fundi,” Tadea alisema, akionyesha trekta kwa kidevu. Vitalis alikuwa ameegemea boneti, akiipangusa kwa kipande cha kanga. “Hapo pakienda, na mimi basi.”

“Usimsikilize huyu,” Vitalis alisema. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti kubwa, na juu ya jicho alikuwa na kidonda kilichoanza kukauka. Mlango ndio uliompiga, alisema alipoulizwa. “Kule ziwani mawimbi yalinipindulia mtumbwi siku moja tu. Tangu hapo ananilinda kama kifaranga.”

“Ziwa lilikuwa shwari,” Tadea alisema, si kwa sauti.

Pankras akarudi chini ya kiti. Swichi yenyewe ilikuwa ndogo, ya kubonyezwa na uzito wa mtu. Uzito ukiwepo, kimya. Uzito ukitoka kabla ufunguo haujazimwa, honi ipige na dizeli ikatike. Ndivyo mama alivyotaka. Lakini kuhamisha nyaya mbili tu, nyekundu huku na njano kule, kungeifanya honi ilie mwizi akikaa tu, kama inavyotakiwa na mtu mwenye akili zake. Mama asingejua. Kesho angeshukuru.

Vidole vyake vilikuwa tayari kwenye waya mwekundu.

“Fundi.”

Tadea alikuwa amechuchumaa kando yake, anavitazama vile vidole.

“Nimesema akiondoka.”

Pankras akauacha waya, akazungushia tepu.

Wakajaribu. Vitalis alipanda, akawasha, kisha akajisahau, akanyanyuka atazame plau. Honi ikapiga yowe, kuku wakatawanyika, injini ikafa.

“Nitalimaje na kitu kinachonipigia kelele kila nikinyanyua makalio?” alifoka. “Fundi, kata waya huo!”

“Zima ufunguo kwanza, ndipo ushuke,” Tadea alisema.

“Mimi dereva au mtoto? Lete hiyo plaizi!”

Aliruka chini, akaichukua mwenyewe kwenye sanduku la vifaa. Tadea akasimama mbele ya kiti, mikono nyuma, kama mtu anayeziba mlango. 

“Vitalis,” alisema, “nimeuza nyumba aliyoniachia mama yangu. Sijakuomba kitu. Leo nakuomba hiki.”

 Vitalis akaitupa plaizi mchangani, akapanda, akaliendesha trekta kuelekea shamba la bondeni bila kuaga mtu.

Fundi alikaribishwa ugali kwa usipa, dagaa wa ziwani. Alipoingia ndani, akaona juu ya msumari wa mlango, pale ambapo wengine hutundika panga, pametundikwa mto mdogo wa kulalia, foronya yake safi. Alitaka kuuliza, akaona si adabu.

Hajameza tonge la pili, honi ikalia bondeni. Ililia bila kupumua.

“Mwizi!” Avelina, jirani wa chini, alipiga kelele. Baraza lote likainuka. Huyu fimbo, yule jembe, mwingine panga. Pankras alikamata spana kubwa akakimbia nao, na katikati ya mteremko ndipo akili ikamfunguka. Kumbe! Hyasinti alisema walimvuta kitini trekta likiwa linalima. Mwizi wa siku hizi hangoji dereva ashuke, anamshusha. Mama alijua. Yeye, fundi mzima, alitaka kuibadilisha!

“Mzee Vitalis, shikilia, tunakuja!” alipaza sauti.

Tadea aliwapita wote, akikata katikati ya ngolo, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, kama msichana, kanga imemfunguka inaburuta nyuma. Mkononi hakuwa na fimbo wala panga. Alikuwa amekumbatia ule mto.

Walipomfikia, hapakuwa na mwizi. Trekta lilikuwa limesimama, gurudumu kubwa kiganja kimoja tu kutoka mkono wa Vitalis, aliyelala kwenye matuta akitetemeka mwili mzima, povu mdomoni. Tadea alikuwa ameshamlaza ubavu na kumwekea mto chini ya kichwa, bila papara, kama mtu anayetandika kitanda chake cha kila siku.

“Fundi,” alisema bila kugeuka, “sasa unaweza kuizima hiyo honi.”