Mvua ya Kamba

Siku hizo mawingu yaligawiwa kwa michezo. Miji miwili jirani, Chisuka na Mbelezi, ilishindanisha vyuo vyake katika kila mchezo, na penye alama nyingi kwa jumla ndipo mvua ya mwaka ilipopelekwa. Mwaka huo walitoshana alama, ukabaki mchezo mmoja tu: kuvuta kamba.

Bi Ndalu wa Chisuka alikuja kumshangilia Chilewa, mkaza mwanawe, msichana mwenye mikono ya kutwangia.

"Vuta, mwanangu! Mahindi yananikaukia!"

"Mama, utaikata kamba kwa kelele," alimcheka mwanawe Masigati, mfunga mabao wa chuo, mtoto mgongoni.

"Nyamaza! Mpira wenu na kamba hii, alama ni zile zile."

Mbelezi wakaburutwa, wakaanguka kama magunia. Jioni mvua ikashuka Chisuka. Bi Ndalu akacheza matopeni mpaka kitenge kikamvuka.

Chilewa hakucheza. Alikuwa akikinga ndoo zote chini ya bati na kuzifunika.

"Za nini, na mvua ni yetu mwaka mzima?"

"Si mama yangu yuko Mbelezi?"

Bi Ndalu akaacha kucheza, akaingia ndani kuleta masufuria.