Makasha Yaliyozidi

Bunge lilikuwa limepitisha kikomo: silaha za kusaidia vita vya nchi jirani zisizidi makasha mia tano kwa mwaka. Mwaka huo mia tano yalikwisha kupelekwa, lakini dawa hazikuwekewa kikomo. Ndiyo maana Bwana Mbaruku, mkuu wa ghala la serikali, alimwita Nyamvula, mwandika vibao wa mjini, aje kuandika DAWA kwenye makasha ya makombora.

"Andika kubwa, dada, na msalaba mwekundu juu."

Nyamvula aligonga kasha kwa mpini wa brashi. "Dawa ya nini hii? Ya kikohozi?"

"Acha mzaha. Sheria imezuia silaha, haikuzuia dawa."

"Mdogo wangu ni muuguzi huko vitani! Adui akifungua kasha moja akakuta makombora, kesho atalipua kila gari la wagonjwa. Sheria mtunge nyinyi, mkitaka kuivunja mje kuazima brashi yangu?"

"Andika, au nimwite mwingine!"

Nyamvula aliinama akaandika. Mbaruku akaenda kuwaita wapakizi. Aliporudi nao, wapakizi walisimama wakisoma kwa sauti: MAKOMBORA. YAMEZIDI KIKOMO.

Lori lilikuwa linanguruma mlangoni. Rangi ilikuwa ikichuruzika, na Nyamvula alikwishafika kasha la nne.